Karatasi Tuliyofungia Karanga

Ninyi mnaosimama nyuma ya kontwari ya duka la dawa siku hizi, nawaona mnavyonikwepa macho nikipita. Mnajua nitaingia, nitaegemea kioo, na nitauliza swali langu lile lile: "Notisi mmeweka wapi?" Nimesikia mnaniita Mzee Notisi. Sikatai. Jina la utani likikuganda uzeeni, afadhali likugande la kazi uliyoipenda. Ila hamjui lilikotoka. Alinipa mama mmoja muuza mafuta ya mawese ambaye hajui kusoma hata herufi moja, na kabla hajanipa jina hilo nilikaribia kumwua kwa ujuaji wangu.

Sikuwa daktari, hilo mnalijua. Lakini hapa Rumonge kila aliyevaa koti jeupe ni Dokta, hata mchinja nyama akilifua vizuri. Nilirudi kutoka Tanzania nikiwa na cheti cha kuuza dawa na Kiswahili cha Kigoma ambacho watu wa sokoni walikicheka. Aliyenipa kazi ni Madamu Beatrisi, mfamasia mwenyewe, mwanamke mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi wa viatu. Alikuwa na duka jingine Bujumbura, kwa hiyo kwetu alikuja mara mbili kwa wiki. Siku hizo mbili nilikuwa mfanyakazi mzuri sana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu vidonge kwa kisu cha plastiki, si kwa kidole kilichotoka kushika samaki wa ndagala. Ndiye aliyenihamishisha rafu yote ya dirishani siku alipokuta jua la mchana linapiga moja kwa moja kwenye dawa. Nilijitetea kwamba upepo wa ziwa unapoza. Akanishika mkono, akauweka juu ya chupa ya dawa ya maji ya kikohozi, akaniuliza kama ningependa kuoga maji hayo. Nilihamisha rafu siku ile ile.

Kuna jambo moja tu ambalo hakulijua, na hilo ndilo nataka niwaeleze.

Mtu wa hapa hanunui boksi zima la dawa. Mvuvi anataka vidonge vya siku tatu, mama anataka vinne vya homa, mwingine anataka viwili ajaribu kwanza. Basi tunakata plaketi ya vidonge kwa mkasi, tunatia vipande kwenye kibahasha, tunaandika juu: asubuhi kimoja, jioni kimoja. Boksi linabaki tupu, na ndani yake inabaki ile karatasi iliyokunjwa mara nyingi, notisi, iliyoandikwa Kifaransa kwa herufi ndogo za kuwaonea wenye macho mabovu. Mimi niliona ni takataka. Yolanda, aliyeuza karanga za kukaanga mlangoni petu, aliona ni mali. Maboksi aliwashia mkaa wake, notisi alizisokota ziwe vikoni vya karanga. Sisi tukapata sakafu safi na karanga za bure kila jioni. Soko zima la Rumonge lilitafuna karanga kutoka kwenye maonyo ya dawa, na hakuna aliyelalamika.

Sasa Mama Rehema. Wengi wenu mnamjua akiwa mzee, mkimya kidogo. Sisi tulimjua akiwa na bidoni zake za njano, madumu ya mafuta kutoka Kigwena, na sauti iliyofika sokoni kabla yake. Alikuwa na rovu shingoni, akilificha kwa mtandio, mpaka lilipoanza kumbana pumzi. Wakampasua Bujumbura, wakaitoa tezi yote. Daktari akamweleza vizuri: tezi hiyo ndiyo inayouchochea mwili wote, moyo, tumbo, ngozi, hata akili, na kuanzia leo kidonge kimoja cha asubuhi kitakaa mahali pake maisha yote. Akatoka huko na kovu jembamba na orodonansi, karatasi ya daktari yenye jina la dawa, akaja kwangu.

Haukupita mwezi akarudi kulalamika.

"Amahoro, Dokta."

"Amahoro, Mama Rehema. Unaendeleaje?"

"Miye niko muzima. Tumbo ndiyo haiko muzima. Nikimeza ile dawa, saa moja haiishi, inaanza kunguruma. Inajaa, inauma, halafu nakimbia. Sasa nitauza mafuta namuna gani, nikiwa nakimbia kila siku?"

"Unakimeza na nini?"

"Na maji, vile mulisema."

"Na kwa mganga umepita?"

"Hapana. Kwa mganga nitafuata nini, na miye niko na dawa ya Dokta?"

Nikatabasamu lile tabasamu letu, mnalijua, la mtu aliyesimama upande wa pili wa kioo. Nikamwambia mwili utazoea. Nikampa vidonge vya kuzuia kuhara, akashukuru, akaenda. Baadaye sana ndipo nilipokuja kusoma kwamba hata ndani ya vile vya kuhara mlikuwa na kitu kile kile kilichomsumbua. Nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya mawese.

Akarudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu. Mara ya tatu duka lilikuwa limejaa, joto lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mama, kama hutaki kupona, sema. Wenzako wanameza kidonge hiki hiki na hawasemi kitu." Watu wakacheka kidogo. Yeye alikunja kibahasha chake, akakitia kwenye pindo la kitenge, akashukuru, "murakoze," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Tangu siku hiyo hakulalamika tena. Alikuja kila mwezi, akanunua vidonge vyake, akashukuru, akaondoka. Nami nilijipongeza. Nilimwambia hata Madamu kwamba wagonjwa wa hapa wanahitaji tu kukemewa kidogo.

Ni Yolanda aliyenifumbua macho. Siku moja mchana, jua la kukausha ndagala kwa nusu siku, aliingia na sinia lake la karanga kichwani akasema, "Dokta, Mama Rehema iko anaisha. Wewe huoni?"

Nikatoka. Nilimkuta amekaa kati ya bidoni zake, amevaa sweta nzito ya sufu, ya kijani, na juu yake kitenge, anatetemeka. Rumonge, saa saba mchana, watu wanajipepea kwa vifuniko vya ndoo, na yeye anasikia baridi. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho. Nilimsalimu, akanitazama kitambo kirefu akilitafuta jina langu. Sauti ilipotoka ilikuwa nzito na ya polepole, sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Mama, unameza kidonge?"

Akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga lililokwisha zamani, akalifungua. Vibahasha vyangu vyote vya tangu nilipomkemea vilikuwemo, vimepangwa, vimeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: asubuhi kimoja. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

"Ziko zote hapa. Sikutupa. Dawa haitupwi."

"Sasa kwa nini uliendelea kuzinunua?"

"Ulinisema mbele ya watu, Dokta. Ningekwambia nini tena? Nikasema nikiacha kuja, utaona ni dharau."

Nilikaa juu ya bidoni. Wajukuu zangu, nimewahi kuaibika maishani, lakini siyo vile. Mwanamke yule alikuwa anakufa taratibu mbele ya macho yangu, na alikuwa akinunua dawa kwa ajili ya heshima yangu. Nilimwomba radhi hapo hapo, Yolanda akisikia na wauza nyanya wakisikia. Kisha nikafanya kitu nilichopaswa kukifanya tangu siku ya kwanza: nikamwambia anieleze tumbo lake tangu mwanzo, nikasikiliza.

Akaeleza polepole, huku akisahau na kurudia. Kisha akasema, "Ni tumbo ile ile ya siku ya ukweni." Yolanda akaanza kucheka kabla hadithi haijaanza, maana aliijua.

Mwanawe wa kwanza alioa kule milimani, kwa wafugaji wa ng'ombe. Siku ya kwenda kujuana, mama mkwe alimletea Mama Rehema maziwa freshi kwenye kibuyu, mikono miwili, watu wote wanatazama. Mnajua wenyewe kwamba kwa watu wa ng'ombe kuyakataa maziwa ya mkwe ni kuikataa ndoa. Yeye tangu utotoni maziwa hayampendi, lakini angefanyaje? Akanywa mpaka mwisho na kusifu. Wasemaji wa pande zote mbili walikuwa bado wanakumbushana majina ya mababu alipoinuka mbio. Wakwe walidhani amekasirika. Iliwabidi wajomba wawili waende kumbembeleza nyuma ya migomba, yeye akiwafukuza kwa kuwarushia kandambili.

Hata Mama Rehema alicheka, kicheko kizito cha taratibu. Mimi sikucheka.

"Ilikuwa baada ya muda gani, tangu unywe?"

"Saa moja haikuisha."

"Na mtindi?"

"Mtindi kidogo unapita. Ile freshi, hapana. Tangu niko mutoto."

Nikampigia simu Madamu Beatrisi. Nilimwuliza swali la kijinga kabisa: je, kwenye kidonge cha tezi kunaweza kuwa na maziwa? Nilidhani atanicheka. Akaniambia, "Kidonge si dawa tupu. Dawa yenyewe hapo ndani ni punje ambayo macho yako hayaioni. Kilichobaki chote ni unga wa kuishikilia ili iwe kidonge. Unga gani, kila kampuni ina wake. Wengine wanatia sukari ya maziwa, inaitwa laktozi. Soma notisi uniambie."

Nikaligeukia sinia la Yolanda.

"Notisi iko wapi?"

"Madamu..."

"Iko wapi?"

"Iko kwenye karanga."

Nilitamani kurudi Tanzania kwa miguu. Kisha akasema, kwa upole uliouma kuliko makofi, "Basi nenda kale karanga."

Nikaenda. Nilianza na vikoni vilivyokuwa kwenye sinia la Yolanda: vya dawa ya malaria, vya minyoo, vya presha, vya tezi hakuna. Nikafungua vilivyokuwa kwenye kikapu, karanga nikazimwaga kwenye koti langu. Mchuuzi mmoja wa ndagala kutoka Gitaza alikuwa anatafuna karanga zake kwa amani huku akingoja gari. Nikaona jina la dawa ya tezi limetokeza chini ya kidole gumba chake. Nikamwomba karatasi. Akaniuliza kama nina njaa. Nikamwambia nataka karatasi tu, karanga abaki nazo. Akamimina karanga mfukoni, akanipa karatasi, akasogea mbali nami kidogo. Nilivaa miwani pale pale kando ya barabara. Karatasi ilikuwa na chumvi na doa la mafuta, lakini karibu na chini kabisa, penye orodha ya vilivyomo, niliisoma: laktozi.

Sikupata furaha ya mshindi. Niliwaza tu miezi yote ile Yolanda alivyokuwa akiuza jibu mlangoni petu, hatua tatu kutoka nilipokuwa nikimkemea mgonjwa.

Madamu hakuniruhusu kujifanya daktari tena. Mtu aliyekaa muda mrefu bila dawa hiyo hurudishwa kwa mpango, alisema, maana moyo unaweza kushtuka, na mpango huo si wa muuza dawa. Kesho yake asubuhi nilimsindikiza Mama Rehema Bujumbura mwenyewe. Daktari akampima damu, akasoma karatasi yangu ya karanga kwa kuishika pembeni kwa kucha. Alikuwa mtu mkweli. Alisema kiasi hicho cha laktozi ni kidogo sana, watu wengi ambao maziwa yanawasumbua hawakisikii kabisa, na hawezi kuapa kwamba ndicho. "Lakini wapo wachache wanaokisikia," akasema, "na huyu tumbo lake limesema mara tatu. Tumpe kisicho na laktozi, tuone." Madamu alizunguka mji siku mbili mpaka akakipata cha kampuni nyingine, kilichoshikiliwa na unga mwingine.

Asubuhi alipoanza nilikwenda kukaa naye mezani kwake. Akameza kwa maji. Tukakaa. Saa moja ikapita, tunatazamana. Saa ya pili ikaja, wateja wakachukua mafuta, tumbo kimya. Yolanda alituletea karanga kwenye kipande cha jani la mgomba, kwa sababu karatasi zote nilikuwa nimezichukua.

Haikuwa muujiza, msije mkadhani. Kipimo cha dawa kilipandishwa kidogo kidogo, damu ikapimwa na kupimwa tena. Uvimbe wa uso ulishuka kwanza. Kisha siku moja nikamwona hana sweta, ameitandika chini ya bidoni zisiteleze. Na siku moja asubuhi, nikiwa nafungua mlango, nikasikia sauti kutoka mwisho wa soko, ile ya zamani, inayokata kelele zote: "Papa Notisi! Leo umesoma?" Soko lote likageuka. Niliingia ndani nikajifanya natafuta ufunguo, maana machozi yalikuwa yananitoka na koti jeupe haliendani na machozi. Uzee ndio umebadilisha Papa kuwa Mzee. Jina ni la siku ile.

Ya kazi sasa, maana najua mtasahau hadithi mbaki na karanga. Kata plaketi, sikukatazi, lakini notisi impe mgonjwa au ibaki kwenye faili lako. Andika kwenye kibahasha jina la kampuni, si jina la dawa peke yake. Kidonge cha tezi kinapenda tumbo tupu na maji matupu, nusu saa kabla ya chai. Ukibadilisha kampuni, hata nguvu ikiwa ile ile, usimwambie mtu "ni kile kile tu". Mwambie arudi kwa daktari damu ipimwe baada ya wiki sita hivi. Na mgonjwa asiache dawa kimya kimya. Ataacha kimya kimya kama wewe ni mkali, hilo nimewaeleza.

Tena msiwe kama mimi nilivyokuwa baada ya hapo. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilianza kuona maziwa kila mahali. Alikuja mwalimu mmoja wa Kigwena, naye anameza dawa ya tezi, vipimo vya damu yake havitulii, na anachoka. Nikamtangazia bila kumwuliza kwamba ni laktozi. Madamu alikuwepo siku hiyo. Akamwuliza mwalimu anameza saa ngapi. Akasema asubuhi, pamoja na vidonge vya kuongeza damu na chai nzito, vyote mkupuo mmoja ili asichelewe shule. Vidonge vya damu vilikuwa vinaishika dawa ya tezi isiingie mwilini. Madamu alivitenganisha kwa saa nne, mwalimu akapona, na mimi nikanywa maji ya aibu kwa mara nyingine. Uliza kwanza, jibu liko kwa mgonjwa.

Limebaki moja.

Tangu siku zile Mama Rehema hachukui dawa bila notisi yake. Anaiweka ndani ya lile kopo la maziwa, moja juu ya nyingine. Nilimtania mara nyingi: hujui kusoma, unahifadhi za nini? Alikuwa akijibu, "Wewe unajua kusoma, ulifanya nazo nini?"

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi, alikuja, akachukua dawa, akaondoka. Boksi lilikuwa lile lile, rangi ile ile, jina lile lile, sikulifungua. Baada ya muda mfupi akarudi na kopo lake kwapani, akapanga foleni kama watu wengine mpaka zamu yake ikafika.

"Papa Notisi, hii haiko ile."

"Ni ile ile, Mama. Tazama boksi."

Hakutazama boksi. Alitandaza karatasi ya mwezi uliopita juu ya kontwari, akailaza ya leo juu yake, akazilinganisha pembe kwa pembe, vile wanavyolinganisha vitenge pacha kabla ya kununua. Akapitisha kidole.

"Ya leo iko ndefu. Na hapa chini, haya maneno, ile ingine hayako. Miye sijui yanasema nini. Soma."

Watu walikuwa nyuma yake, wanahema kwa joto. Nikavaa miwani. Nikasoma. Kiwanda kilikuwa kimebadilika, na mahali pale alipoweka kidole paliandikwa laktozi.

Alikuwa hajameza. Nilimtafutia nyingine siku ile ile, na nilimkabidhi kichwa kikiwa chini. Akanipiga bega akasema, "Usihuzunike. Miye nilifunzwa na mutu aliyekosea sana."

Sasa anakuja kwenu. Mtamjua kwa kopo. Anaona vibaya siku hizi, na kulinganisha pembe kunamchukua muda, na nyuma yake watu watalalamika, na kutakuwa na joto. Msimharakishe. Acheni amalize, halafu someni pale anapoweka kidole.